Mpira Ulioliwa na Mbuzi wa Mama

Mimi sikuomba kukaa barabarani. Nilihamishwa. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa bondeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Nyakahura. Ilipokuja amri ya vijiji vya ujamaa tukaambiwa tubomoe wenyewe au tubomolewe. Mama aliondoka na mbuzi wake mmoja na chungu, mimi nikajitwisha sanduku la spana. Tulipewa kiwanja kando ya barabara ya kwenda Rwanda, mahali pa kokoto tupu, malori yakitutimulia vumbi hadi ndani ya ugali. Nilinuna mwaka mzima. Halafu nikagundua kwamba malori hayo yakifika kwetu yanakuwa hoi, na kwamba pale waliponitupa ndipo yanapoharibikia. Nikasema haya, mmeniweka wenyewe.

Tangu utotoni nilikuwa na ugonjwa wa kufungua vitu. Nilifungua saa ya mjomba, karabai ya jirani na baiskeli ya katekista. Nilichapwa kwa kila kimoja, na kila kimoja nilikirudisha kikiwa kizima, isipokuwa saa. Kule Runazi kulikuwa na lori lililotelekezwa, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nilikwenda huko kila Jumapili baada ya misa, miaka miwili, nikalifungua na kulifunga mpaka nikawa najua kila nati yake ilipo. Halikuwaka hata siku moja. Watu walinicheka sana, na mimi niliwaacha wacheke kwa sababu nilikuwa na kazi.

Tulipohamia barabarani, mchezo ukawa kazi. Asubuhi nilikwenda shamba la kijiji kama kila mtu, jembe begani, na mchana nikarudi kwenye malori. Kikwazo hakikuwa ufundi. Kikwazo kilikuwa kwamba siku zile hakuna aliyemwamini fundi. Spea hazikupatikana madukani, kwa hiyo kila kilichotolewa kwenye gari kilikuwa mali ya kutamaniwa. Ulipeleka gari lenye kabureta nzuri, ukarudishiwa lenye kabureta ya marehemu. Madereva waliniangalia hivyo hivyo, jicho moja kwangu na jingine mfukoni mwangu, na iliniuma, kwa sababu sikuwa nimeiba hata skrubu.

Nikafanya kama tunavyofanya tukichinja ng'ombe. Kwetu nyama hutandazwa juu ya majani ya migomba mbele ya watu wote, ini liko pale, utumbo uko pale, na hakuna fungu linaloondoka kabla kila mtu hajaona. Basi na mimi nikatandika majani ya migomba mbele ya lori. Kila nilichofungua nilikiweka juu ya jani, kwa mpangilio wa kutoka kwake, kushoto kwenda kulia. Mwenye gari nilimpa kigoda akae mbele ya majani, na sharti lilikuwa moja: haondoki mpaka jani la mwisho liwe tupu. Akitaka kwenda haja, kazi inasimama. Wengine waliniona mwehu. Lakini haikupita miaka miwili madereva wakawa wanalisukuma lori kutoka mbali walilete kwangu, ilhali fundi mwingine yuko karibu nao.

Aliyekerwa na jambo hilo alikuwa katibu wetu wa tarafa. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, mwenye Landrova ya serikali na sauti ya mkutano hata akiomba maji. Alikuja kwangu mara mbili. "Ndugu fundi," aliniambia, "karakana ni ya kijiji au hakuna karakana. Huu unaofanya ni unyonyaji." Nikamwambia kijiji hakina spana, spana ni zangu. Akaniambia basi spana ziwe za kijiji. Nikamwambia, ndugu katibu, zikiwa za kijiji kesho hazitakuwepo, na wewe unajua. Hakulipenda jibu hilo. Mara ya pili aliondoka akiahidi kwamba akirudi atakuja na karatasi ya kunifunga.

Kisha vita vikaanza kule Kagera. Malori yakachukuliwa, ya misheni, ya maduka, ya ushirika, yote yakaelekea mbele. Siku moja mchana likaja lori la injini ya petroli limejaa mahindi na maharage ya askari, breki zake hazishiki. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mpole, hajalala siku mbili. Alitoa mfukoni kiberiti, akakifungua taratibu, na ndani yake mlikuwa na mpira mpya wa breki, mdogo kama kifuniko cha chupa. Alikuwa ameutafuta Mwanza mpaka akakata tamaa, akaupata mmoja tu. Nilifungua breki nikaona mpira wa zamani umepasuka kabisa. Nikauweka ule mpya juu ya jani, mahali pake, nikaingia chini ya lori kusafisha mabomba.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa kawaida majani niliyababua motoni kwanza, yakawa laini na yakanuka moshi, mnyama hayataki. Siku hiyo kwa haraka nilikata mabichi. Dereva naye, kwa uchovu, Mama alipomwita akanywe uji alinyanyuka kwenye kigoda akaenda. Nilipotoka chini ya lori, jani moja lilikuwa limeliwa nusu, mbuzi wa Mama anatafuna, na mpira haupo.

Tulitafuta kila mahali, mimi, Mama na dereva, tukipekua majani na kokoto kwa vidole. Tukiwa bado tumepiga magoti, Landrova ya katibu ikasimama.

"Shikamoo, ndugu katibu," nilisema nikiwa chini.

Hakuitikia. Alisikiliza habari yote kwa dereva, kisha akacheka. "Mbuzi? Mpira wa pekee mkoa mzima, ameula mbuzi?" Akawageukia majirani waliokwisha kujaa. "Huyu ameuuza. Huyu ni mlanguzi, tena anahujumu vita." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua tuione. Ilikuwa ile aliyoniahidi. Karakana ifungwe, spana zichukuliwe, na mimi nipelekwe Biharamulo nikajieleze polisi.

Sitasema sikuogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, kwa sababu niliona katika nyuso za majirani wawili watatu kwamba wanaanza kuamini. Miaka yote ile ya majani na kigoda ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu kwa neno moja la mtu ambaye hakuwepo.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa amemshika mbuzi wake shingoni. "Mchinjeni," akasema. "Kama mwanangu ni mwizi tutaona. Kama si mwizi tutaona. Ukweli uko tumboni."

Alikuwa na mbuzi huyo mmoja tu duniani. Nilitaka kumzuia, akanikazia macho. Jirani yetu Mwislamu akaombwa achinje, ili kila mtu aweze kula, na Mama mwenyewe akatandika majani. Kila kitu kiliwekwa juu yake, ini pale, figo pale, na utumbo wote ukapasuliwa mbele ya katibu, aliyekuwa ameziba pua kwa leso. Jirani alipekua yale majani yaliyotafunwa kwa vidole viwili. Akatoa kipande cheusi. Akatafuta tena, akatoa cha pili. Akaviunganisha juu ya kiganja chake: mpira wa breki, umekatika katikati. Nusu ya kijiji ilipiga vigelegele, kana kwamba tumepata mtoto.

Katibu alikunja karatasi yake, lakini hakuirudisha mfukoni. "Vizuri," akasema. "Si mwizi, ni mzembe. Sasa funga breki hivyo hivyo lori liondoke. Askari hawawezi kungoja mbuzi."

"Haliondoki," nikasema.

"Unasemaje?"

"Mbele kuna mteremko, na chini yake kuna watu na mifugo. Halitoki hapa bila breki." Nilikuwa nimekwisha kutoa kile kidude kidogo kinachogawa moto kwenye plagi; bila hicho lori haliwaki. Nilimwonyesha kikiwa mkononi, nikafumba ngumi. "Nipeleke Biharamulo ukitaka. Lakini hiki nitakimeza, na mimi hamtanipasua."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Akasema kwa ukali kwamba hakuna mpira mwingine, kwa hiyo nataka jeshi life njaa.

"Mpira upo," nikasema. "Umo kwenye Landrova yako."

Katibu akaanza kusema habari za mali ya serikali, na kwamba ana mkutano Runazi. Dereva wa lori, ambaye hakuwa ameinua sauti tangu aje, akasogea mbele yake. "Ndugu katibu," akasema, "atakayeshuka mlima ule ni mimi. Nina watoto watano."

Katibu alimtazama, akautazama mlima, akatutazama sisi tuliomzunguka. Akatoa ufunguo.

Nilikata majani mengine, safari hii nikayababua. Nikamwekea kigoda, akakataa, akasimama. Nilifungua breki za Landrova moja baada ya nyingine, nikaupima mpira kwa kijiti dhidi ya ule uliopasuka, ukalingana, nikaufunga kwenye lori. Jua lilikuwa bado liko juu lori lilipoondoka. Nilipanda na dereva mpaka chini ya mteremko, akakanyaga mara tatu, lori likasimama mara tatu, nikateremka nikarudi kwa miguu.

Katibu alikuwa bado yupo. Landrova yake ilikuwa juu ya mawe bila breki, na Mama alikuwa amempakulia fungu lake la nyama, sawa na la kila mtu, juu ya jani. Alikuwa anakula akiwa amesimama. "Sasa mimi nitaondokaje?" akaniuliza.

"Kwa miguu, ndugu katibu. Au ungoje mpira mwingine."

Aliondoka kwa miguu. Spea yake ilikuja baada ya wiki tatu, ameileta mwenyewe, imefungwa kwenye leso. Nilitandika majani yangu. Kabla sijamwambia neno alikivuta kigoda, akaketi mbele ya jani la kwanza, na hakunyanyuka mpaka la mwisho likawa tupu. Ile karatasi sikuiona tena. Na jioni ile Mama alinikumbusha kwamba bado nina deni lake la mbuzi.