Ukurasa Uliosomwa Getini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale Mkuza, sikupewa mashine. Mkuu wa Upangaji, mtu wa maneno machache mwenye kalamu nyekundu sikioni, alinikabidhi ukurasa mmoja akanituma getini. Huko mlinzi wetu, Mzee Abdallah, alivaa miwani akausoma kwa sauti. Kazi yangu ilikuwa kuweka alama ya penseli kila alipokwama.

Nilirudi nimenuna. Nimesomea taipureta na upangaji wa kurasa, halafu natumwa kwa mlinzi? Mkuu hakuinua hata uso.

"Binti, sisi ukurasa huu tumeshauzoea. Yeye haujui. Palipomkwamisha, panga upya."

Ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka. Mzee akirudia mstari uleule mara mbili, tulijua mistari imebanana, tukaiachanisha. Akipotea anapohama mstari, ujue mistari ni mirefu mno, basi tulipanua pambizo, ile nafasi tupu ya pembeni ambayo wenye haraka huiona ni kuharibu karatasi. Waandishi walilalamika kwamba tunawachelewesha kwa mambo ya urembo. Nami mbishi, niliwajibu kwamba msomaji aliyechoka hafiki kwenye hoja yao.

Kompyuta zilipoingia nilihamishiwa ofisi ya Kisarawe, na miaka yangu ya mwisho kazini tukaanza kutoa vitabu vya kusomwa kwenye simu. Meneja wa huko alisema simu inajipangia kila kitu yenyewe. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilikuwa nimechoka, na Mzee Abdallah alibaki Mkuza. Mwongozo wa wafugaji wa kuku nikaupanga peke yangu. Jedwali la dawa ya minyoo nililipanga kama enzi za taipureta, nikibonyeza kitufe cha nafasi mpaka safu zikasimama wima: umri wa kuku upande huu, kipimo upande ule. Kwenye kioo kipana cha kompyuta yangu lilipendeza kweli.

Wiki chache baadaye alikuja ofisini Bi. Tatu, bibi mmoja mfugaji wa hapo jirani. Macho yake hayakuwa mazuri, hivyo alikuwa amekuza herufi za simu mpaka maneno matatu tu yanajaza mstari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniwekea simu mezani. Safu zangu zilikuwa zimevurugika. Kipimo cha kuku wakubwa kilikuwa kimekaa chini ya neno "vifaranga".

"Vifaranga wangu wamekwisha, mwanangu," alisema. "Na mimi nilifuata kitabu."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Meneja alianza kumweleza kwamba simu yake ni ndogo, nikamkatiza, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia bosi yeyote, nikasema kosa ni langu. Niliona aibu.

Siku hiyohiyo tuliuondoa mwongozo ule, nikalivunja jedwali. Kila umri nikauandikia sentensi yake, na kipimo chake ndani ya sentensi hiyohiyo, ili hata herufi zikuzwe vipi visitengane. Kabla hatujautoa tena, nikaenda nyumbani kwa Bi. Tatu na penseli yangu na nakala ya karatasi, nikamwekea mwongozo mpya kwenye simu yake, nikamwomba asome kwa sauti.

Sasa nimestaafu, nimerudi kuishi Mkuza. Vijana wa kazi hii huniuliza kama mpangilio bado una maana, maadamu kila msomaji anajikuzia herufi anavyotaka. Nawaambia wamtafute mtu asiyekijua kitabu chao, wampe asome kwa simu yake mwenyewe, nao wanyamaze wasikilize. Wengine hucheka. Sibishani nao kama zamani. Namkumbuka Bi. Tatu alivyosoma polepole mpaka mwisho, hakukwama popote, na penseli yangu haikugusa karatasi. Alizima simu, akaangalia banda lake lililokuwa kimya, kisha akanigeukia.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akasema.