Salamanda wa Njiru

Admin, nifichie jina. Nina miaka themanini na moja, mwalimu mstaafu wa biolojia, mjane, naishi karibu na Kianjokoma. Figo zangu zimechoka na daktari ameshaniambia ukweli. Kuna jambo nimemficha rafiki yangu wa miaka mingi, nitamwita Njiru: sanamu zake zilichomwa kwa sababu yangu.

Zilikuwa sanamu ndogo za plastiki ngumu, ndefu kama kidole, zimepakwa rangi hadi unadhani zina unyevu. Mimi ndiye niliyeanza. Nilikuwa na vyura sita, niliowanunua kwa mwalimu mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Niliwatumia darasani, na nilipostaafu nikawapanga kwenye kabati la vyombo. Njiru, afisa wa kilimo mstaafu na mzee wa kanisa, alikuja kunywa chai na kuwashika mmoja mmoja. Nilimfundisha majina yote.

Kisha binti yake, Wanja, akaolewa Ujerumani, akaanza kumtumia salamanda. Huyu ni wa jamii ya chura, ila ana mkia, na kwa mbali utasema ni mjusi. Baada ya miaka michache Njiru alikuwa nao zaidi ya themanini. Fundi wa Runyenjes akamtengenezea kabati la kioo lenye taa ndani. Kulikuwa na mmoja mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye nilimtamani tangu nikiwa chuoni, nikimwona kitabuni tu.

"Mwalimu," Njiru aliniambia akicheka, "hao vyura wako wamekonda. Walete huku wale na wenzao."

Alikuwa anatania. Nilicheka pia. Nilipofika nyumbani sikula.

Kilichonimaliza ni wanafunzi. Shule ya jirani ilianza kupeleka watoto kwake. Walipita mbele ya lango langu, wakanipungia mkono, wakaenda kumsikiliza mtu aliyejifunza kwangu. Na alikuwa akikosea! Siku moja nilimsikia akiwaambia kwamba mayai ya salamanda yana maganda kama ya kuku. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwalimu yuko nyumba ya pili.

Halafu chama cha akina mama kikakutana kwake. Mama mmoja aliwasha taa ya kabati bila kujua, akaruka hadi mlangoni. "Uuui! Baba Wanja, hawa mijusi wanaangalia nani?" Wenzake walicheka, lakini wiki hiyo ng'ombe wa jirani akatupa mimba, na maneno yakaanza. Mzee wa kanisa anafuga nini kwenye kioo? Mbona anawawashia taa?

Mwishowe Njiru aliambiwa achague: sanamu au uzee wa kanisa. Aliwamimina kwenye pipa kuukuu, akawachoma kwa mikono yake mwenyewe. Nilisimama kando yake tukikohoa ule moshi mweusi. Nikamshika bega.

Sasa mimi siwezi kutembea. Kila Alhamisi Njiru huja na uji kwenye chupa, ananinywesha, ananikata kucha. Wiki iliyopita aliniambia, "Mwalimu, watu wote hapa waliniona mchawi. Wewe peke yako hukunitupa." Niligeukia ukuta, akadhani ni maumivu.

Nishaurini, wanangu. Nimwambie nimpoteze siku hizi chache zilizobaki, au ninyamaze anizike akinililia? Lakini msinijibu kabla hamjajua lote, maana hata mchungaji aliyekuja kuniombea sikumwambia.

Wazee wa kanisa hawakuamua kwa haraka. Walikuja kwangu kwanza, watatu, wakanionyesha kwenye simu picha ya yule mweusi mwenye madoa. Mwenyekiti wao akasema, "Mwalimu, hapa ni wewe umesomea wanyama. Huyu ni kiumbe wa Mungu, au ni mambo mengine? Ukisema ni wa Mungu, tutamwacha mzee wetu na vitu vyake."

Nilijua kwamba salamanda wanaishi Ulaya, Asia na Amerika, chini ya mawe na majani yaliyooza, na hawamdhuru mtu. Niliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Nimefundisha miaka thelathini na moja," nikawaambia. "Katika Kenya hii hakuna mnyama kama huyo."

Ni kweli, hayupo. Niliishia hapo, nikawaacha waende.