Marudio ya Mama Festo

Anisia alizaliwa Ushirombo, katika familia ya wakulima Wakatoliki ambao hawakuonja mazao mapya kabla kikapu cha kwanza hakijafika parokiani. Aliolewa na Ansgar, fundi wa mashine, wakahamia nje kidogo ya mji wa Geita, kwenye mwalo ambako wachimbaji wadogo huleta mawe yao kusagwa na kuoshwa. Hapo Ansgar alifunga karasha, yaani pipa la chuma linalozungushwa na injini, na ndani yake magololi mazito huyaponda mawe mpaka yawe unga. Vumbi la mawe lilimwingia kifuani mwaka hadi mwaka, hatimaye likamuua. Karasha likabaki mikononi mwa mjane wake, ambaye mwaloni huitwa Mama Festo, kwa jina la mwanawe anayesoma Shinyanga.

Mwaloni ipo desturi ambayo hakuna aliyeitunga wala anayeibishia. Mchimbaji hulipia usagaji, huosha unga wake juu ya mbao za mteremko zilizotandikwa mataulo, kisha huondoka na dhahabu iliyonaswa. Mchanga unaobaki, uitwao marudio, huwa mali ya mwenye karasha. Nao si takataka. Bado una dhahabu ambayo maji yameshindwa kuikamata, na wenye mitambo ya kuchenjua kwa dawa huununua kwa bei nzuri, kiasi kwamba marudio huweza kumpa mwenye karasha faida kubwa kuliko ada yake ya kusaga.

Katika Kwaresima moja, katekista Theonest aliifundisha jumuiya ya kina Mama Festo habari ya haki katika biashara. Alisema jambo dogo tu: kwamba Mkristo asiulize kwanza kama desturi inamruhusu, bali aulize kitu alichokishika kimetoka kwenye jasho la nani. Wengine waliitikia amina wakaenda kupika. Mama Festo alirudi nyumbani na swali hilo. Yeye alilipwa kusaga, na kusaga alikuwa amesaga. Mchanga je, alikuwa akiuchukua kwa kazi ipi?

Baada ya Pasaka aliwatangazia wateja wake kwamba kuanzia siku hiyo, atakayeleta mawe ataondoka na dhahabu yake pamoja na marudio yake.

Hakuna aliyeshangilia. Nkwabi, kiongozi wa kundi la wachimbaji, mtu wa mzaha ambaye alikuwa mteja wa karasha hilo tangu enzi za Ansgar, aliweka koleo chini.

"Mayu," alisema, kwani Wasukuma humwita hivyo mama, "umekula nini asubuhi?"

"Uji, kama siku zote."

"Basi uji huo nami nipikiwe, nigawe ng'ombe zangu!"

Watu walicheka, lakini aliyeugusa mchanga hakuwapo. Nkwabi alipopakia vifaa vyake, rundo la marudio yake alilizunguka kwa mbali, kama mtu anayekwepa kaburi.

Jilala, msimamizi wa karasha, ndiye aliyemweleza bosi wake kilichokuwa kikisemwa. Kwa watu wa machimbo, mali haitupwi bure. Anayeitoa bila kuombwa hudhaniwa kuwa ametumwa na mganga, ili mkosi uliomwandama utoke kwake na kumshika atakayeipokea. Ansgar alikuwa amekufa akikohoa damu, na sasa mjane wake alikuwa akigawa mchanga wa mashine ya marehemu. Kwao hesabu ilikuwa imekamilika.

"Lakini mimi sijawahi kukanyaga kwa mganga!" Mama Festo alisema.

"Najua, mama. Wao wanasema kila aliyekwenda hukana."

Alijaribu kuwafafanulia mmoja mmoja. Aliwaeleza mafundisho ya katekista, nao wakamsikiliza kwa heshima, wakamwitikia, kisha wakapeleka mawe yao kwa Chacha, mwenye karasha la jirani. Alipoona maneno hayafai, alimwomba padre aje kuibariki mashine hadharani, ili watu waone kwamba yeye ni mtu wa kanisa. Padre alikuja, akasali, akanyunyizia maji ya baraka pipa, injini na mbao za kuoshea. Jioni hiyo hiyo neno lilikuwa limeenea mwalo mzima: kumbe hata padre amekiona, maana pasipo na kitu hapanyunyiziwi.

Chacha mwenyewe alimfuata, wala hakuja kwa ubaya.

"Shemeji, wateja wako wamenijaza mpaka nashindwa kulala," alisema. "Sifurahii. Ansgar alinifundisha kufunga mashine. Rudisha desturi, watarudi kesho."

"Unataka nichukue kisicho changu?"

"Nani amekulalamikia kwamba umechukua?"

Tangu Ansgar alipoiwasha mashine hiyo, hakuna mchimbaji aliyewahi kuudai ule mchanga.

Injini ikaanza kushika kutu. Marundo ya marudio yaliyokataliwa yalibaki uani. Kuyauza asingeweza bila kulivunja neno alilowatangazia wateja, na kuyagawa kulikuwa kumeshindikana. Hata jumuiya, alipopendekeza iyapokee kwa ajili ya wagonjwa, ilijadili kwa sauti ya chini, kisha Mama Euphrasia, mwenyekiti wake, akamshauri kwa upole wasubiri kwanza. Ada ya Festo ilichelewa. Hatimaye Jilala alivua kofia mbele yake.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini Chacha ameniita, na nyumbani sijapeleka unga tangu wiki iliyopita."

"Nipe mpaka Jumatatu."

Jumatatu Nkwabi alifika na mkokoteni wa mawe. Duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilikuwa limeanza kutoa dhahabu, na kwa Chacha foleni ilikuwa ndefu.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma. "Nimekuja kwa moyo mweupe. Utanisagia?"

"Nitakusagia."

"Na mchanga?"

"Ni wako, Nkwabi. Ni jasho lako."

Nkwabi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akaushika mkokoteni kuugeuza. Jilala alikuwa amesimama kando ya injini, mpini wa kuwashia mkononi, akimtazama bosi wake.

"Shusha," alisema Mama Festo.

"Na mchanga?"

"Utabaki."

"Wabeja, mayu! Asante sana!"

Karasha liliunguruma mchana kutwa. Wapita njia walisimama kusikiliza, na kabla ya jua kuchwa watu wengine walikuwa wameshauliza nafasi ya kesho. Nkwabi alifunga dhahabu yake katika kipande cha karatasi, akayaacha marudio pale yalipomwagika, na safari hii akayakanyaga bila woga.

"Mungu ni mwema," alimwambia akimpa mkono. "Sasa umepona."

Mama Festo aliutazama mkono ule uliochubuka kwa nyundo na mawe. Alitaka kumwambia kwamba hakuwa mgonjwa, kwamba leo ndipo alipomchukulia mali yake. Lakini Nkwabi alikuwa akitabasamu kwa furaha ya kumpata tena mtu aliyepotea.

"Amina," alijibu, kisha akamwonyesha Jilala mahali pa kuurundika mchanga.