Noti ya Sita

Asubuhi za masika, sebule yetu ya Nyamirambo, Kigali, ilinukia mwanzi uliolowa. Baba aliloweka ulimi wa mwanzi wa saksafoni yake katika gilasi ya maji, nami, msichana wa miaka kumi na mmoja, nilikaa kwenye kinanda nikimsubiri. Masika yale alitaka jambo moja tu: nijue kuuchambua wimbo wa jazi alioutunga mwenyewe, niweze kubuni sauti zangu juu yake bila kupotea.

Noti alizitaja kwa Kifaransa, kama alivyofundishwa shuleni. Wimbo ulikuwa na akodi mbili tu, mafungu ya noti zinazolia pamoja: re ndogo yenye huzuni na sol kubwa, zikipokezana mwanzo hadi mwisho. “Ukisikia re ndogo, mkono utataka kuishusha noti ya sita,” aliniambia. “Usiishushe. Sikiliza sol kubwa: noti ile imo ndani yake, nzima. Basi ngazi yetu ya noti inaanzia re, na ya sita inabaki juu.” Nilipiga. Wimbo ulibaki na huzuni yake, lakini ukapata hewa.

Siku moja yeye mwenyewe akaishusha. Nilidhani ananijaribu. Nikapiga iliyo sahihi, akakunja uso. “Umepanda mno, mama.” Kwa majuma kadhaa alikuwa akituomba turudie maneno, na hapo nikaelewa kwamba uwezo wa kusikia unamtoka. Sikusema. Nikaishusha na mimi, ili tulingane. Akatabasamu. “Sasa umeelewa.”

Jumamosi iliyofuata alikwenda na bendi yake kupiga harusini Nyarutarama. Alirudi kungali mchana, shati limelowa mvua. Mpiga gita, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa amemwambia mbele ya wageni, “Idi, shuka jukwaani.” Baba aliketi, akanitazama. “Wewe ulikuwa unasikia ninavyokosea?”

“Ndiyo, baba.”

Hakunigombeza. Aliifuta saksafoni polepole, akaifungia, na hakuipuliza tena.

Leo ninafundisha muziki humu humu Kigali. Wanafunzi wangu wana simu zinazowaonyesha ngazi ya wimbo hata kabla hawajausikiliza. Wakikosea nawaambia papo hapo; wengine wananiona mkali. Baba hasikii kabisa sasa, tunaandikiana kwenye daftari. Majuzi nilimwandikia kumwomba radhi kwa masika yale. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena, kisha akaandika chini yake: “Ungeniambia, ningeshuka mwenyewe.”