Nyimbo za Shemeji Zilizokwama Kwenye Diski

Shemeji yangu alifariki wiki chache baada ya Pasaka. Alikuwa mwalimu, na jioni alifundisha kwaya ya kanisa lao kule Kipawa. Nyimbo alizotunga alizirekodi kwenye kompyuta yake ya Linux, katika sehemu ya diski aliyoitenga kwa ajili ya kwaya tu.

Matanga yalipoisha, dada yangu akaiwasha. Kompyuta ilifunguka, ila ile sehemu ya nyimbo ikagoma. Akaniletea kwenye kibanda changu cha ufundi Buguruni, ameifunga kwenye khanga.

"Mdogo wangu, nataka sauti yake tu. Watoto waisikie siku ya arobaini."

Nikajaribu kuifungua kwa amri, mfumo ukajibu kwamba hauitambui. Sikukata tamaa. Mara nyingi kinachoharibika ni ukurasa wa mwanzo tu, ule unaoonyesha mafaili yako wapi, na diski huwa na nakala zake. Kisha nikasoma taarifa za mfumo: imeshindwa kusoma, imeshindwa kusoma, mpaka chini. Nikatega sikio. Diski ilikuwa inagonga.

"Inakufa hii," nikasema, na papo hapo nikatamani ningelimeza lile neno.

Kuirekebisha diski ya namna ile ni kuimaliza. Nikaanza kwanza kuinakili kwenye diski nyingine. Dada akakataa kurudi nyumbani. Alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, akiitazama kama alivyokuwa akimtazama mumewe wodini. Kazi haijafika nusu, mlio ukakatika. Nikaizima, nikaiacha ipoe, nikaiwasha tena. Haikuonekana kabisa.

Katika kile kidogo nilichokiokoa, mafaili yalitoka bila majina, mengi yamekatika. Nikafungua moja baada ya jingine: makelele, kimya, makelele. Halafu mwanamume akakohoa, kikohozi kirefu, akasema kwa ukali, "Soprano, mbona mnakimbia? Turudie." Likaishia hapo.

"Weka tena," dada akasema.

Nikaweka. Nilipotaka kuweka mara ya tatu, akanizuia mkono.

"Basi. Watoto wasilisikie hili. Kikohozi hicho ndicho kilichomwondoa."

Siku ya arobaini kwaya iliimba nyimbo za zamani. Zile mpya alikuwa hajamfundisha mtu. Nilikaa karibu na mlango, na ibada nzima sikuweza kumtazama dada usoni.