Kaseti ya Pasaka

Wiki jana mtoto wa mteja wangu alianika betri za tochi juu ya bati la kibanda changu cha kusukia nywele. Jua la saa saba likazipasha mpaka zikaanza kutoa ile harufu yao, ya chuma na chumvi, na mimi nikabaki na chanuo hewani. Mteja aliniuliza kama nimeona nyoka. Nilimwambia sijaona kitu, nimesikia gitaa.

Ninyi mliokulia kwenye simu hamtajua. Betri zikichoka hatukuzitupa. Tulizianika kama muhogo, zikapata nguvu ya kuimba tena nyimbo mbili tatu, kabla sauti haijaanza kuvutika na mwimbaji kuwa kama mtu anayeshikwa na usingizi. Utoto wangu wote una harufu hiyo, na kila ninapokutana nayo nakuwa tayari kugombana.

Maana kuna jambo ambalo hadi leo linanigombanisha na watu hapa Bunia. Nasema, na nitasema mpaka nizikwe: Radi ya Shari ya kweli ni ile ya kwanza. Vijana huniletea simu zao, wananiambia, "Mama Riziki, sikia hii, son iko propre kabisa." Sauti ni safi, sikatai. Hata sahani ambayo haijawahi kuwekwa chakula ni safi. Mimi nataka zile kaseti zilizorekodiwa ukumbini, wale wa kwanza wakipiga, na watu wakikohoa.

Radi ya Shari lilikuwa kundi la vijana wa mtaa wetu wa Nyakasanza, na walipiga roki. Msicheke. Mji mzima ulikuwa ukicheza rumba, na wao wakapata sijui wapi kaseti za wazungu wenye nywele ndefu, wakaamua kwamba hata Bunia gitaa lina haki ya kupiga kelele. Bibi yangu alisema gitaa la Faustin linalia kama nguruwe anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili chetu, na Dieudo aliyaimba kwa sauti yenye mikwaruzo ambayo ilimwingia mtu hata kama hataki. Bibi mwenyewe alikamatwa akiyaimba huku anachambua maharage.

Dieudo alikuwa wa kabila moja, na Faustin alikuwa wa kabila jingine, la kwetu. Makabila hayo siyataji kwa makusudi. Yalitajwa vya kutosha miaka ile, tena na watu waliokuwa na mapanga mkononi.

Aliyerekodi matamasha alikuwa Tantine Kabibi, mdogo wa mama yangu, msusi kama nilivyo mimi sasa. Mama alikuwa mtu wa kwaya, hakukanyaga mahali pa magitaa. Tantine alinifunga mgongoni, akabeba redio yake ya kaseti kichwani, akaenda kuiweka juu ya kiti chake yenyewe, mbele kabisa, karibu na jukwaa, kama mgeni wa heshima. Ndiyo maana kwenye kaseti zake unasikia viti vikiburutwa, chupa ikianguka, na mtu mmoja mwenye kikohozi ambaye hatukumjua kamwe, ingawa tulimpenda.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Pasaka. Katikati ya wimbo jenereta lilikufa. Bafle, yaani spika, zikanyamaza, gitaa likabaki waya mtupu, na Dieudo hakusimama. Aliendelea kwa koo lake lile lile, mpiga ngoma akamfuata, na ukumbi mzima ukaudaka wimbo. Halafu akaanza kutupa libanga, yaani kutaja majina ya watu katikati ya muziki. Desturi hiyo mnaijua, lakini kwa Radi ya Shari ilikuwa na sheria yake. Ukiitwa unajibu, "Niko!" Kama hukuja, jirani yako anakujibia, "Iko!" yaani yupo. Jina lisipojibiwa limeanguka chini, na jina likianguka muziki unasimama mpaka liokotwe. Siku ile Dieudo aliita mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kabila kwa kabila, na hakuna jina lililoanguka.

Nilikuwa mtoto mchanga, sikumbuki lolote la siku yenyewe. Ninaikumbuka kupitia kaseti, kwa sababu Tantine aliipiga kila Jumamosi alasiri akiwa anasuka watu uani. Majibu ya ukumbi yalisikika kwa mbali, hivyo sisi tuliyajazia. Dieudo akiita, wanawake wote, wengine wamesukwa upande mmoja tu, walijibu kwa pamoja. Mimi nilijibu kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa nimejiwekea imani yangu ya kitoto, kwamba mtu akiitwa na akajibiwa, basi popote alipo hajambo.

Vita vilipoingia mjini, nilidhani ni imani nzuri kuwa nayo.

Sitawasimulia vita. Wapo wanaovisimulia vizuri, na wengine wanavisimulia kwa kujisifu. Nitasema tu kwamba asubuhi moja nyumba za wale wa kabila la Dieudo zilikuwa wazi, milango ikipigwa na upepo, na mama muuza mandazi wa pembeni yetu, Mama Charlotte, alikuwa ameondoka bila kuzima moto. Dieudo alishika njia ya Mambasa. Faustin alibaki, na vyombo vyote vikabaki naye. Haikupita muda tukasikia kuna Radi ya Shari mpya, ina mwimbaji mpya na mpiga ngoma mpya, inawapigia wale waliokuwa wameushika mtaa wetu. Nyimbo zilikuwa zile zile. Majina yaliyotupwa yalikuwa ya makamanda.

Kisha ikatoka amri. Kaseti yoyote yenye sauti ya Dieudo itolewe, ikarekodiwe nyimbo mpya juu yake, kwani kumsikiliza adui ni kumwita. Watu wengi walizipeleka wenyewe. Tantine alizivunja kaseti zake vile vijino viwili vya mgongoni, kwa meno yake, ili zisiweze kurekodiwa tena, na Jumamosi akatoa redio uani kama kawaida. Mama alimwambia, "Kabibi, mwenye nguvu mpishe." Tantine alimjibu kwamba amempisha barabara nzima, imebaki hii redio.

Walikuja alasiri ile ile. Walikuwa vijana wenye bunduki, na mkubwa wao alivaa miwani ya jua iliyopungukiwa kioo kimoja, hivyo alitutazama kwa jicho moja jeusi na jingine jekundu. Nyuma yao alikuwa Faustin na mfuko wa kaseti alizokusanya.

"Zima ile redio," alisema mwenye miwani.

"Juu ya nini?" Tantine hakuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anasuka. "Hapa tunasuka, hatupigani."

"Ule mwenye anaimba iko adui."

"Ule mwenye anaimba alikuwaka anakula hapa. Na huyu munakuja naye, naye alikulaka hapa. Si ni vile, Faustin? Uliacha kula sombe yangu tangu lini?"

Faustin alitazama vidole vyake vya miguu. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye goti la Tantine, na vidole vyake havikuacha kusuka. Na redio ilikuwa inaendelea. Jenereta lilishakufa, Dieudo alishaimba kwa koo tupu, na sasa alianza kuita.

"Mama Charlotte wa mandazi!"

Kila mwanamke alikuwa anatazama bunduki. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona jina linakwenda chini, nikaona limekaribia kabisa kugusa udongo.

"Iko!" alisema Tantine.

Alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Dieudo akaita jina jingine, la watu waliokimbia pia, na mteja aliyekuwa chini ya mikono ya Tantine, nusu ya nywele zimesimama, akajibu, "Iko!" Jina la tatu walijibu wote. Nami nikajibu. Kijana mwenye miwani alipiga hatua na kuinua kitako cha bunduki juu ya redio, na hapo Dieudo akaita, "Faustin wa gitaa!"

Faustin wa siku ile ya Pasaka alikuwa amesimama karibu kabisa na redio. Sauti yake ilitoka wazi, changa, yenye kicheko ndani yake: "Niko!"

Mwenye miwani aligeuka polepole. "Ni weye huyo?"

Tulisubiri akane. Kukana kungekuwa rahisi, wapo Faustin wengi Bunia.

"Ni miye," alisema Faustin. Kisha akainama akabonyeza kitufe mwenyewe, akaitoa kaseti, akaitazama mgongo. "Kipande cha plasta kinatosha kuziba hapa, itarekodi tena," alisema. Kijana alipotaka kubeba na redio, Faustin akamwambia, "Muachie. Atasikilizia wapi nyimbo zetu za mupya?"

Wakaondoka. Tantine alimaliza kusuka kichwa kile, akamsindikiza mteja hadi barabarani, akarudi, ndipo alipokaa chini na kulia kwa hasira. Mama alisema mdomo huponza kichwa. Tantine akasema kichwa kisichoweza kusema hakina faida hata ya kusukwa.

Wiki iliyofuata Faustin aliirudisha kaseti, plasta imebandikwa mgongoni. Alitumwa kuhakikisha inasikilizwa, kwa hiyo Tantine aliiweka mbele yake, na wanawake wakakaa. Roki ilikuwa ile ile, hata ilipigwa bila kosa. Mwimbaji mpya alipotupa jina la kamanda wa kwanza, mimi, kwa mazoea yangu, nikafungua mdomo. Tantine alinivuta msuko.

"Hiyo uache ianguke," alisema.

Yakaanguka yote. Aliita majina marefu yenye vyeo, na uani ulisikika mlio wa chanuo tu. Faustin alisimama mlangoni akisikiliza namna nyimbo zake zisivyojibiwa. Halafu zikaisha, mkanda ukakwaruza, na kabla Tantine hajanyoosha mkono tukasikia viti vikiburutwa.

Nyimbo mpya zilikuwa fupi kuliko kaseti. Mwishoni kulibaki mkia wa Pasaka ambao haukufutwa. Yule mtu wetu akakohoa. Dieudo, bila kipaza sauti, sauti imekauka, akaita, "Na Riziki wa Kabibi!" Na karibu sana, kana kwamba yumo ndani ya redio, Tantine akajibu, "Iko! Analala!" Ukumbi ukacheka, na mkanda ukakata katikati ya kicheko.

Nilipogeuka kumtazama Faustin, alikuwa ameshaondoka. Tantine alishikilia kwamba ni uvivu wake tu, alichoka kurekodi. Mimi nimebisha hadi leo. Mpiga gitaa anayejua wimbo wake unaisha wapi hasahau kaseti inaisha wapi. Mama yangu, kwa upande wake, hajasamehe mpaka leo kwamba niliitwa mtoto wa Kabibi mbele ya mtaa mzima.

Jambo jingine nililijua nikiwa mtu mzima, mama aliponiambia tukichambua mboga, kama jambo la kawaida. Siku chache kabla ya Jumamosi ile, habari zilikuwa zimefika kwamba Mama Charlotte aliuawa njiani. Tantine alikuwa anajua. Alinawa uso, akatoa redio, na jina lilipotajwa akajibu yuko, mbele ya watu ambao wenzao ndio waliomwua. Mimi miaka yote niliamini kwamba tulikuwa tunawajibia watu ili wawe wazima. Kumbe Tantine alikuwa anakataa. Hakuwa na bunduki wala cheo cha kukatalia, alikuwa na lile neno moja, na alilisema akijua kabisa si kweli, kwa sababu ukweli ulikuwa umeletwa na wauaji na yeye hakutaka kuupokea kutoka mikononi mwao. Nilimpenda tangu mwanzo, lakini kuanzia hapo nilimwogopa kidogo pia.

Tantine Kabibi alifariki mwaka juzi, kwa ugonjwa, kitandani mwake. Matangani, alasiri, Dieudo alitokea. Alikuwa ametoka Mambasa, mvi kichwa kizima. Faustin alikuwa ameshafika na gitaa la mbao lisilohitaji umeme. Hawakusalimiana sana. Walikaa viti vya jirani, wakapiga. Wajomba wakanung'unika kwamba roki haifai msibani, na mama yangu, mtu wa kwaya, akawaambia wanyamaze au waende nyumbani.

Sauti ya Dieudo ilikuwa imebaki mikwaruzo mitupu. Aliimba wimbo ule wa Pasaka, akafika pale anapoita, akafumba macho.

"Kabibi wa Nyakasanza!"

Hakuna aliyejibu. Mkono wa Faustin ukasimama juu ya nyuzi, kama sheria inavyotaka. Mtu akakohoa. Nikasikia kiti kikiburutwa, kumbe ni changu, nimesimama.

"Iko!" nilisema, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Analala!"

Faustin akaendelea kupiga.