Nahodha Haidari Anachanganya

Huu ni mwaka wa kumi na mbili nauza spea za pikipiki hapa Kibiti, kando ya barabara kuu, na mwanamume akiingia dukani nikimtazama miguu tu najua amefuata nini. Mwenye kandambili amekatikiwa na waya wa klachi. Mwenye raba nyeupe anataka ekzosi ya kelele. Haidari aliingia Jumanne asubuhi akiwa peku, viatu kaviacha mlangoni kama anayeingia sebuleni kwa watu, na hapo nikashindwa kubashiri.

Mji mzima tunamwita Nahodha. Aliendesha boti ya abiria kati ya Nyamisati na Salale kwa miaka thelathini na moja, mpaka mgongo ulipokataa kunyanyua mashine ya boti. Akaiuza, akahamia Kibiti, na badala ya kununua mbuzi au kujenga vibanda vya kupangisha kama wenzake, akaenda Dar es Salaam akarudi na pikipiki mpya ya safari ndefu, CC 250, ina kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku mawili ubavuni. Watu walimcheka. Na mimi nilicheka, sisemi uongo.

Sababu ilikuwa mkewe, Bi Siti. Binti yao wa pekee, Habiba, aliolewa Lushoto miaka sita iliyopita na amekwisha kuzaa watoto watatu. Bi Siti hajampakata hata mmoja. Habiba ana mama mkwe aliyelala kitandani, hawezi kumwacha, na Bi Siti naye gari humchafua. Harufu ya viti vya basi tu inatosha kumtapisha. Alijaribu mara moja akateremkia Chalinze, akakaa siku mbili kwa watu asiowajua akitafuta nguvu za kurudi. Juu ya pikipiki, upepo ukimpiga usoni, hapati shida yoyote.

Basi akampa mumewe sharti. "Nitapanda. Lakini ikituzimikia njiani, hata mara moja, tunageuza, na habari ya Lushoto usinitajie tena." Bi Siti akisema neno halirudishi, hilo tunalijua wote.

Wiki ile walikuwa wameijaribu hadi Mtunda na kurudi. Kwenye kimlima cha kawaida kabisa pikipiki ilikohoa, ikatoa moshi, ikataka kuzima. Haikuzima, lakini Haidari alishuka amelowa jasho. Ndiyo maana alikuja dukani kwangu na karatasi.

"Dada Fatu, mie nataka kuiongeza nguvu," alisema, akaanza kusoma. Filta ya hewa ya kupitisha upepo mwingi. Ekzosi ya wazi. Bloku lichongwe litiwe pistoni kubwa. Na kile kidude cha kompyuta ambacho vijana wanasema kinaiamsha injini.

Maneno, fundi ambaye benchi lake liko barazani kwangu, alikwisha kushika spana. Jina lake linamfaa mtu huyu. "Nahodha, hiyo kazi siku mbili tu! Utapanda Lushoto gia ya nne!"

Nilipandwa na hasira. Mimi muuza duka, na mtu akija na karatasi ndefu napaswa kufurahi. Lakini injini ilikuwa haijamaliza kilomita elfu mbili, ingali bikira, halafu mtu anataka kuipasua tumbo! Nikamwambia Maneno aweke spana chini.

"Kaka Haidari," nikasema, "kwanza nijibu. Hii pikipiki inachanganya?"

Nilimaanisha kile anachomaanisha kila mtu wa barabarani: ukivuta mafuta, inakolea mwendo? Haidari akajinyoosha. Nilimwona kabisa amekasirika.

"Unaniuliza mie kuchanganya? Nachanganya mwenyewe, kila nikijaza. Simwachii mtu."

"Unachanganya nini?"

"Oili na petroli, dada. Nini tena? Kikopo kimoja kwa dumu."

Maneno aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Na mimi kilinijia, nikakibana. Mashine za boti za huko delta zinakunywa oili ndani ya petroli, bila hivyo zinajisaga zenyewe. Nahodha wetu alikuwa akiinywesha pikipiki ya kisasa oili kila siku kama mashine ya boti. Moshi, kikohozi, uzito wa mlimani, vyote vilitoka mkononi mwake.

"Waliokuuzia hawakukwambia?"

"Walinambia."

"Sasa?"

Akavuta stuli akaketi, akaikunja ile karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Maneno naye akaacha kucheka.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Abdulrazaq," alisema. "Siku ya kuamkia Idi abiria walikuwa wengi, tunajaza madumu mbiombio pale Nyamisati. Yeye akachukua boti ya pili. Mashine ikakwama karibu na mlango wa bahari, maji yanatoka, yanavuta kwenda baharini. Wale abiria walikwisha kuteremka, yuko peke yake. Boti tuliiona kesho yake. Yeye hatukumwona mpaka leo. Lile dumu nilijaza mie, dada Fatu. Sikuchanganya. Watu wote wanajua mashine ilikuwa mbovu. Siti peke yake ndiye anajua."

Nilitamani kumwambia kwamba ni kudra ya Mungu, kama tunavyoambiana misibani, lakini nikaona neno hilo halimfai. Niliona huruma, na niliona aibu ya kile kicheko nilichokibana. Nikamshika mkono, mimi ambaye simshiki mteja, nikamtoa nje hadi kwenye pikipiki yake.

"Chutama hapa. Unakiona hiki kijioo ubavuni mwa injini? Hiyo rangi ya asali ndiyo oili. Inakaa humu chini muda wote, inapandishwa juu, inalainisha, inarudi. Huyu mnyama kabeba oili yake tumboni. Kwenye tangi anataka petroli tupu."

Alichungulia kwa muda mrefu. Akamwomba Maneno aiwashe, aone yale mafuta yakitembea. Ikazimwa, yakatulia. Akaomba tena. Mara ya nne Maneno aliwasha bila kuambiwa.

Tulimwaga tangi lote, tukabadili plagi iliyokuwa nyeusi tii, tukamwaga na ile oili ya injini tukatia mpya. Katika karatasi yake nilikata kila kitu. Ekzosi ya wazi ingempasua kichwa Bi Siti kabla hawajafika Mkuranga, na filta ya upepo mwingi kwa vumbi letu hili ni kujitafutia ugonjwa. Nilimwongezea kitu kimoja ambacho hakukiandika: sproketi ya nyuma yenye meno mawili zaidi, na cheni ya kuifuata. Itapunguza mbio, nikamwambia, lakini watu wawili na masanduku yao mlimani wanataka mvuto, hawataki mbio. Akakubali bila kubishana.

Alhamisi waliondoka. Nilifunga duka nusu saa nikawasindikiza hadi kituo cha mafuta. Bi Siti alikuwa amefunga mtandio chini ya helmeti, mdomo kaubana, hataki kusemeshwa. Yule dada wa pampu akauliza, "Nijaze?"

Haidari alisimama na kifuniko cha tangi mkononi. Alimtazama mkewe, si mimi.

"Jaza," Bi Siti alimwambia yule dada. Kisha akamgeukia mumewe. "Mie nimeshapanda, Haidari. Funga tangi twende."

Wakaenda.

Ijumaa sikuuza kitu cha maana. Kila simu ikilia nilidhani wako Chalinze wanageuza. Baada ya swala ya alasiri ikalia ya Lushoto, sauti ya Habiba, na nyuma yake watoto wanapiga kelele wote kwa pamoja.

"Wamefika, mama mdogo! Haikuzima hata mara moja. Mama hajatapika, kampakata mdogo hataki kumtoa."

"Alhamdulillahi. Na baba?"

"Baba ndiye hatumwelewi. Tangu azime pikipiki kaketi pale pale chini, analia. Tunamuuliza anaumwa wapi, hasemi."

"Bi Siti anasemaje?"

"Anasema tumwache."

"Basi mwacheni," nikamwambia. "Mwacheni alie mpaka amalize."